Msimu wa Kumuuguza Mama Mkwe

Jumatatu, 9 Machi

Naandika nyuma ya daftari la vipimo, kwenye kurasa ambazo hazina viuno vya watu, kwa sababu nikiyasema haya kwa mdomo nitamkosea mtu, na sina nafasi ya kuzunguka kuomba radhi. Sare za shule mia moja na ishirini zinatakiwa mwisho wa mwezi wa nne.

Leo mvua imeanza na leo mama mkwe ameletwa. Wiki tatu zilizopita alipatwa na kiharusi akiwa mbele ya kanisa, anaongoza maombi ya akina mama. Upande wote wa kulia umelala. Hospitali wamemruhusu, wakasema kilichobaki ni dawa ya presha kila siku, mazoezi na uvumilivu. Dawa wametufungia kwenye mfuko. Uvumilivu hawakuufunga.

Mume wangu ni fundi wa majokofu na hutoka kabla ya jua. Alisimama mlangoni anakuna shingo. "Si wewe uko nyumbani," akasema.

Niko nyumbani, ndiyo, kwa sababu cherehani iko nyumbani. Nimehamisha majora ya kitambaa kutoka chumba kidogo ili yeye apate pa kulala. Sasa yamesimama sebuleni kama wageni ambao hawajakaribishwa kukaa.

Jumatano, 11 Machi

Maneno yake yamechanganyika. Anajua anachotaka, lakini mdomoni kinatoka kingine. Maji anayaita "kiatu". Mimi ananiita "sahani". "Sahani, kiatu," anasema, na nikichelewa anarudia kwa sauti ile ile iliyoongoza akina mama miaka ishirini na sita. Mara moja nimempelekea kiatu, kwa makusudi. Alinitazama mpaka nikaona haya.

Jumamosi, 14 Machi

Kikundi cha maombi kimekuja, akina mama kumi na mmoja. Kiongozi wao sasa ni Mama Funguo, tunayemwita hivyo kwa sababu funguo za kanisa hazitoki shingoni mwake. Alikuwa naibu wa mama mkwe, na kiti amekikalia upesi kidogo kwa maoni yangu, lakini maoni yangu hayakuombwa.

Waliomba saa nzima na nusu. "Dada, umepona," alisema Mama Funguo. "Usiutazame mguu. Mguu unadanganya."

Wakaondoka. Mimi nikabaki kumgeuza aliyepona, peke yangu, kwa kumshika makwapa, ili nitoe shuka lililolowa. Miavuli yao waliilaza juu ya jora la buluu. Mita nne zimeingia madoa.

Jumapili, 15 Machi

Mvua. Vifungo mia mbili na arobaini.

Jumanne, 17 Machi

Mtu wa mazoezi ameanza kuja, mwanamume mpole mwenye mikono mikubwa. Alimnyoosha vidole kimoja kimoja, kisha akaanza na mdomo. "Sema ma." Mama mkwe akasema "sa." "Tena." "Sa." Mara arobaini. Mwisho akalia kwa hasira, jicho moja likitoa machozi mengi kuliko lingine. Nilikanyaga cherehani kwa nguvu ili nisisikie, nikashona mfuko juu chini.

Jumapili, 22 Machi

Mtu lazima abaki na mgonjwa, kwa hiyo sikwenda kanisani, na nimegundua kuwa nimefurahi. Niandike kwa nini, labda nitaacha kuung'ata uzi kwa meno.

Miaka kumi na moja iliyopita tulikuwa na mtoto. Alikuwa na miezi minne. Homa ilimpanda Jumatano, Alhamisi pumzi ikawa fupi, na daktari alikuwa bado anaandika jina lake kwenye karatasi alipokata roho. Wiki moja baadaye mama mkwe alikuja na kikundi chake, wakaketi kwenye viti hivi hivi. Akanishika mikono yote miwili. Alisema kwa upole, na huo upole ndio sijausamehe: "Mwanangu, Mungu hachukui bure. Kuna jambo umelificha. Tubu, atakupa mwingine."

Nikalitafuta hilo jambo. Niliungama hasira, niliungama uvivu, niliungama vipande vya vitambaa vya wateja. Niliungama uongo niliosema darasa la tatu. Mungu hakutupa mwingine. Tangu hapo naenda kanisani, nasimama wakisimama, nachezesha midomo. Sijasema kwamba Mungu hayupo. Nimemnunia tu. Miaka kumi na moja sijamwambia neno.

Na sasa mkono ule ulionishika ndio ninaoukata kucha kila Jumapili. Kama huu ni mzaha wa mbinguni, mimi sijacheka.

Alhamisi, 26 Machi

Paa linavuja. Halivujii ukutani wala mlangoni. Linavujia juu ya cherehani.

Jumanne, 31 Machi

Wifi yangu amepiga simu kutoka kwake, mwendo wa siku nzima kutoka hapa. Robo saa amenieleza habari za asali, vitunguu, na mtumishi mmoja anayeombea watu kwa simu.

"Na wewe unakuja lini, wifi?" nikamuuliza.

"Mtandao unakatika, wifi."

Kwenye asali haukukatika hata mara moja.

Jumatatu, 6 Aprili

Leo nimekuta foronya ya mama mkwe imefumuka kwenye kona. Foronya hiyo niliishona mimi, na mshono wangu haufumuki wenyewe. Nikaingiza kidole. Nikatoa kidonge, kisha kingine, mpaka vikafika kumi na tisa. Siku kumi na tisa nimempa dawa ya presha mkononi, nikageuka kuchukua glasi, naye akaichomeka kwenye mto kwa ule mkono mmoja ulio mzima.

Nilivimwaga kwenye sinia mbele yake. "Mama, hivi ni nini?"

Akageukia ukuta.

"Nakuuliza. Unataka kufa humu ndani, niambiwe nimekuua?"

Alihangaika na midomo muda mrefu. "I," akasema. "I-ma-ni."

"Imani ya nani, Mama? Maana anayebeba beseni ni mimi."

Baadaye tu, nikiwa nashona, ndipo nilipoelewa. Miaka yote ile alisimama mbele ya watu akawaambia kwamba anayeegemea kidonge ameuondoa mguu mmoja kwa Mungu. Wapo waliotupa dawa zao kwa ajili ya maneno hayo. Nawajua wawili, na mmoja tulimzika. Sasa atakimezaje mbele yangu mimi, ambaye nilikuwepo nikisikia? Nilidhani ni ukaidi. Ni woga. Wala haogopi kifo, anamwogopa Mama Funguo.

Jioni nilimtia kidonge mdomoni mwenyewe, nikasimama hapo, nikamfunua ulimi kukagua.

Jumanne, 7 Aprili

Nimechelewa. Asubuhi hakuamka. Nilimwita, nikamtikisa, jicho moja likafunguka likatazama juu, na pumzi ilikuwa inakoroma. Mvua ilikuwa imenyesha tangu jana yake, na kichochoro chetu kilikuwa mto. Gari lisingeweza kufika. Mume wangu hakupokea simu. Yuko ndani ya majokofu ya watu, hasikii.

Nikampigia Mama Funguo. "Tunaingia kwenye maombi sasa hivi," akasema.

"Mama, ninahitaji watu wawili wenye mikono."

"Usiruhusu hofu, dada. Hofu ndiyo mlango."

Nikakata. Nikampigia mchungaji, ingawa sikutaka. Ana miezi minane tu hapa, ni kijana, huvaa viatu vilivyochongoka vinavyong'aa, na kila sentensi ya tatu anasema "wapendwa". Nilitegemea aniambie tuungane naye katika sala. Alisema, "Nakuja," na alipofika alikuwa peku, suruali ameikunja juu ya magoti.

Akainama, nikampandisha mama mkwe mgongoni kwake. Mkono mmoja hauwezi kushika, kwa hiyo nilikata mita mbili za kitambaa cha sare nikamfunga kwake kama anavyobebwa mtoto. Tukatoka. Maji yalinifika mapajani. Yeye mbele, mimi nyuma nimeshikilia kiuno cha mama mkwe, na katikati ya kichochoro aliteleza, akaanguka goti moja, kisha akainuka naye. Hakusema "wapendwa" hata mara moja.

Zahanati wakampima: mia mbili na ishirini. "Dawa anameza?" muuguzi akauliza. Nikamwambia ukweli. Alinitazama kana kwamba foronya ni yangu. Gari la wagonjwa likatupeleka hospitali kubwa, wakasema amepata kiharusi kingine, kidogo, juu ya kile cha kwanza.

Tulikaa kwenye benchi, mchungaji na mimi, tukidondosha maji sakafuni. Nikamuuliza swali ambalo nimelikalia muda mrefu. "Mchungaji, Mungu anamwadhibu huyu mama?"

Akafuta uso kwa kiganja. "Kama anaadhibu kwa presha, basi na mimi ameniadhibu. Baba yangu pia, na babu yangu. Nameza kidonge hicho hicho kila asubuhi."

"Kanisani wanajua?"

"Hawajui."

"Kwa nini?"

Akaelekeza kidevu kwenye mlango wa wodi. "Kwa sababu yake."

Nilicheka. Kwenye benchi la hospitali, nimelowa, mama wa mume wangu yuko nyuma ya mlango, nikacheka mpaka mlinzi akaja kuangalia.

Jumamosi, 11 Aprili

Amerudi. Maneno aliyokuwa ameyaokota yamepotea nusu. Tunaanza tena kwenye "kiatu".

Mchungaji alipita. Akaomba maji, akatoa kidonge chake mfukoni, akakimeza mbele ya mama mkwe, akatuonyesha ulimi mtupu. Mama mkwe alimtazama kwa muda mrefu, na macho yale siyo ya mtu aliyefurahi. Kisha akafungua mdomo akisubiri chake.

Jumamosi, 18 Aprili

Kikundi kimerudi, wote kumi na mmoja. Niliwakaribisha nikarudi kwenye cherehani. Mlango wa chumba kidogo haufungiki vizuri, kila neno linatoka.

Mama Funguo alisema wamefunuliwa. Akina mama wote watafunga siku tatu bila chakula wala maji, na mgonjwa naye afunge pamoja nao, vidonge viwekwe kando kama ishara. Kisha sauti yake ikashuka, ikawa laini sana. "Dada yangu, tumejiuliza kwa nini maombi hayapiti. Mungu hafanyi jambo bure. Kuna kitu umekificha. Tubu."

Nikaacha kukanyaga.

Niseme ukweli, kwa kuwa daftari hili ni langu: miaka kumi na moja nimeisubiri siku hiyo. Nimewaza mara ngapi aketi mahali pangu, ashikwe mikono, aambiwe maneno yale yale kwa upole ule ule. Nilidhani itakuwa tamu. Nikasikia sauti inatoka chumbani, siyo neno, ni mlio tu, wa mtu anayetafuta ndani ya kichwa chake kilichovurugika dhambi ambayo ataiwasilisha. Niliujua mlio huo. Mimi niliutoa kwa miezi.

Sikumbuki kusimama. Nilikuwa mlangoni na mkasi mkubwa wa kukatia bado uko mkononi, jambo ambalo nimeambiwa baadaye kuwa lilionekana vibaya.

"Ondokeni," nikasema.

"Dada, tuko kwenye maombi."

"Mgonjwa huyu ana presha, ana dawa saa nane, na ana uji saa nne. Hafungi. Na hana alichoficha. Mambo yake yote nayajua, mimi ndiye ninayemfulia."

"Unamzuia Roho," akasema Mama Funguo.

"Nawazuia nyinyi. Huyo mwingine ana njia zake."

Wakatoka mmoja mmoja, wakiukwepa mkasi. Nikarudi kumpangusa mama mkwe uso. Hakunitazama. Nilimpangusa kwa haraka mpaka nikamtia kitambaa puani.

Jumapili, 19 Aprili

Mume wangu amerudi kutoka kanisani uso umemvimba. Kanisa zima lina habari ya mkasi.

"Umewafukuza watu wa Mungu kwa mama yangu," akasema.

"Walimwambia atubu."

"Ndivyo wanavyosema siku zote. Si lazima uwasikilize."

"Niliwasikiliza mara moja," nikasema. "Wewe ulikuwa wapi? Ulikuwa umekaa kiti kile pale. Mama yako ananiambia nimemuua mtoto kwa dhambi zangu, wewe unatazama vidole vya miguu."

Nilitegemea aondoke, ndiyo kawaida yake, hutoka akaangalie betri ya pikipiki. Safari hii alikaa. 

"Na mimi nilitubu," akasema. "Sikukuambia. Nilidhani ni mimi. Kuna jokofu la mjane mmoja nilimdanganya kuwa halitengenezeki, nikalichukua. Nilimrudishia jipya. Mtoto hakurudi."

Miaka kumi na moja kwenye kitanda kimoja, kila mtu anachimba upande wake.

Jumamosi, 2 Mei

Sare zimechelewa. Mwalimu mkuu amenipigia mara tatu. Nimemwambia kuna mgonjwa, akasema atamwombea. Ningependelea wiki mbili.

Jumanne, 12 Mei

Mama mkwe na mtu wa mazoezi wamekuwa na siri. Wiki tatu nikiingia wananyamaza, na yule bwana anajifanya anahesabu vidole. Nilidhani wananisengenya.

Leo, baada ya bwana huyo kuondoka, nilikuwa nimepiga magoti sakafuni nakata kola. Mama mkwe akapiga ukingo wa kitanda. "Mto," akasema.

Nikampa mto. Akautupa.

"Mto."

Nikauokota, nikampa tena, akautupa tena. Nikamwambia nina makola sitini na sina muda wa michezo. Akafumba macho, akavuta pumzi kama anavyofundishwa. "Mto-to."

Nikauweka mkasi chini.

"Mtoto," akasema. "Si. Wewe."

"Mtoto gani, Mama?" Nilijua mtoto gani.

Akanyoosha mkono wa kushoto, akanigusa kifuani kwa kidole. "Mtoto. Si wewe." Kisha akajigusa mwenyewe, mdomoni. "Mi-mi. Ko. Ko-sa."

Ningependa kuandika kwamba nilimkumbatia. Nilikwenda jikoni nikaosha sufuria iliyokuwa safi. Nilikasirika. Miaka kumi na moja alikuwa na mdomo mzima, wenye maneno yote, wenye kipaza sauti, na amengoja mpaka abaki na maneno sita ndipo atumie matano kwangu. Nikaisugua ile sufuria mpaka mkono ukachoka. Niliporudi alikuwa bado amekaa vile vile, jasho limemtoka kama aliyepanda mlima.

"Nimesikia," nikamwambia.

Akaitikia kwa kichwa. "Kiatu," akasema. Nikamletea maji.

Jumatano, 13 Mei

Leo nimemwambia Mungu neno. Siyo neno la kuandikwa, na mchungaji asingelipenda. Lilikuwa refu, nililisema nikiwa natia uzi kwenye sindano, na lilikuwa na maswali mengi kuliko heshima. Hakunijibu. Sijui kama hilo ni jibu. Lakini mimi nilimkalia kimya miaka kumi na moja, siwezi kumpa siku moja tu ya kujibu.

Jumapili, 24 Mei

Jua saa mbili nzima. Nimeanika magodoro yote mawili. Mchungaji amesema mbele ya kanisa kwamba anameza dawa ya presha. Watu wawili wakatoka, na wanane wakamfuata baada ya ibada kumuuliza kipimo.

Jumamosi, 6 Juni

Mvua imekwisha, tope bado. Mtaa wa nyuma, binti wa muuza mkaa, miaka sita, ana uvimbe tumboni. Wamerudishwa nyumbani kusubiri majibu ya vipimo. Mama mkwe alisikia habari akaanza kupiga kwa kiganja kiti cha magurudumu tulichoazimwa na hospitali. Nikamweleza hali ya njia. Akaendelea kupiga.

Nikamsukuma. Tulikwama mara tatu. Mara ya pili nililazimika kumshusha, kumkalisha kwenye tofali la watu, na kulichimba gurudumu kwa mwiko wa fundi uliokuwa hapo. Nilisema maneno. Yeye alikuwa ametulia, mkoba mapajani, kama mtu anayesubiri kuanza ibada.

Nyumba ilikuwa imejaa, na Mama Funguo alikuwepo. Tuliamkiana kwa adabu inayowastahili watu wenye mkasi kati yao. Nikamsogeza mama mkwe karibu na kitanda. Akamshika mtoto mguu, juu ya blanketi, akakaa. Wengine waliomba, wengine waliimba. Yeye alishika mguu.

Muuza mkaa alikuwa amesimama ukutani, mikono myeusi ameificha mgongoni. Mkewe ni miongoni mwa wale waliofundishwa na mama mkwe. Alisubiri kelele zipungue, kisha akaja akachuchumaa mbele ya kile kiti. "Mama," akasema, "wewe ndiye uliyetulea katika maombi. Tuambie. Mtoto wetu atapona?"

 Najua alichokuwa akikisema zamani, bila kupepesa macho. Hata kuta za mtaa huu zinakijua. Mama Funguo alikuwa tayari ameinua mkono kuitikia amina.

Mama mkwe aliwatazama baba na mama wa yule mtoto, mmoja baada ya mwingine. Midomo ilihangaika. Nikadhani atasema kitu kuhusu sahani, nikajiandaa kutafsiri.

"Sijui," akasema.

Hakuna aliyesema amina. Mama wa mtoto akaanza kulia, lakini siyo kilio cha mtu aliyepigwa. Alikuwa kama mtu aliyetua ndoo. Akaja akalaza kichwa kwenye goti la mama mkwe, lile lisilosikia. Naye akahangaika tena na mdomo, muda mrefu, tukamsubiri wote.

"Nitakuja," akasema. "Kesho."

Kesho, anasema. Kwa tope lile. Anayesukuma kiti ni mimi, lakini mimi sikuulizwa. Nimemwosha miguu, nimempa kidonge, nimeyafungua magurudumu yote manne nikayatia mafuta. Sare thelathini bado hazina vifungo. Tunaondoka saa tatu.